Kulanti inayopungua bila kuvuja: uchambuzi wa kisa cha lori la dizeli lililokwama kwa wakala

Kisa hiki ni cha lori moja la kazi lililorudi kwa wakala wa mtengenezaji mara tatu kwa tatizo lilelile: kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ilikuwa inapungua bila kuonekana inakokwenda. Majina, chapa, mahali na namba za gari vimeondolewa. Vipimo vimebakizwa kwa sababu ndivyo vilivyoliondoa gari uani, baada ya simu nyingi kushindwa.

Usuli

Gari ni lori la mizigo la ukubwa wa kati lenye injini ya dizeli ya silinda 6, tabo, breki za upepo, mfumo wa EGR unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, na filta ya masizi. Mfumo wa kupoza unabeba lita 28 za kulanti, na mfuniko wa tangi la akiba unaachia presha ikifika bar 1.1. Tatizo lilipoanza gari lilikuwa na kilomita 140,000 hivi, na waranti ya injini ilikuwa bado hai. Mmiliki ana malori machache. Dereva wa gari hili ni mmoja wa kudumu, na safari zinapangwa na karani wa ofisi.

Dalili ya kwanza ilikuwa taa ya kiwango cha kulanti. Ilikuwa inawaka asubuhi injini ikiwa baridi, kisha inazimika baada ya mwendo, kwa kuwa kulanti ikipata moto hutanuka na kiwango kikapanda hadi kwenye sensa. Chini ya gari hapakuwa na tone. Hozi zilikuwa kavu, rejeta haina doa, tundu la chini la pampu ya maji halina alama ya mchuruziko, na zulia la kabini upande wa hita halina unyevu. Oili kwenye kijiti ilikuwa nyeusi kama kawaida, bila utando wa rangi ya maziwa. Geji ya joto haikuwahi kupanda.

Dereva akawa anajazia. Mara mbili aliweka maji ya bomba, na mara moja kulanti ya rangi nyingine aliyoipata njiani. Hakuandika popote ni kiasi gani wala lini. Jambo hilo lilikuja kuwagharimu.

Kulanti inayopotea bila kuonekana chini haina njia nyingi za kupitia. Huingia kwenye oili kupitia kipoza oili au gasketi ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda). Huingia kwenye silinda na kuungua. Hupita kwenye kipoza moshi cha EGR, ambamo kulanti hupoza moshi unaorudishwa kwenye injini, na kutoka na moshi. Hupulizwa nje kama mvuke na mfuniko usioshika presha. Kwenye lori la breki za upepo kuna njia nyingine ambayo mafundi wa magari madogo huisahau: kompresa ya upepo hupozwa na kulanti ya injini, na hedi yake ikipasuka kulanti huishia kwenye matangi ya upepo. Njia hizi zinatenganishwa kwa kupima, na kila moja ina kipimo chake.

Mfululizo wa matukio

*Ziara ya kwanza.* Dereva alilipeleka gari kwa wakala na maelezo ya mdomo: linapunguza maji. Afisa wa mapokezi akaandika maneno hayohayo kwenye kadi ya kazi. Fundi alifunga pampu ya kupima presha kwenye tangi la akiba injini ikiwa baridi, akapandisha hadi bar 1.1, akasubiri dakika 15. Sindano haikusogea. Wakabadilisha mfuniko, wakajaza kulanti, wakaandika kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana. Gari likatoka siku hiyohiyo.

*Ziara ya pili.* Baada ya wiki tatu hivi taa iliwaka tena. Safari hii gari lilikaa uani siku tisa kabla ya mtu yeyote kuinua kabini. Karani alikuwa anapiga simu kila siku, mmiliki naye anapiga zake, dereva akipita anauliza. Majibu yalibadilika kulingana na aliyepokea simu: liko kwenye foleni, tunamsubiri fundi wa injini, tunasubiri jibu la kiwanda. Baadaye ilibainika kwamba kiwandani hakukuwa kumepelekwa swali lolote. Siku ya kumi wakala alitoa kauli mbili: kulanti imechanganywa, kwa hiyo waranti huenda isihusike, na kwa kuwa hakuna uvujaji unaoonekana, mmiliki achukue gari alitumie mpaka tatizo lijitokeze waziwazi.

*Kati ya ziara ya pili na ya tatu.* Mmiliki alilichukua gari, lakini hakulirudisha kwenye safari ndefu. Kwa muda wa wiki mbili lilifanya kazi za karibu huku likipimwa. Matokeo yalikuwa wastani wa lita 1.1 kwa kila kilomita 1,000.

*Ziara ya tatu.* Gari liliingia na barua ya ukurasa mmoja, jedwali la vipimo, majibu ya maabara ya oili na picha. Siku ya pili fundi mkuu alilichukua yeye mwenyewe. Siku ya nne chanzo kilithibitishwa: kipoza moshi cha EGR kilikuwa kimepasuka kwenye maungio ya mirija, upande unaoingia moshi wa moto. Siku ya sita mtengenezaji alikubali kulipia. Kipoza kilifika baada ya siku sita nyingine, ikagundulika kwamba gasketi zake na vibanio vyake havikuja nacho, na gari likasubiri siku tano zaidi.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

*Kukataa kutumia gari mpaka liharibike.* Ushauri wa wakala unasikika wa busara, lakini kwa hitilafu ya aina hii ni hatari. Kipoza moshi kikivuja huku injini imezimwa na mfumo bado una presha, kulanti hujikusanya kwenye njia ya moshi, na kwa mpangilio wa baadhi ya injini hurudi hadi kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Asubuhi injini ikipigwa stata, kimiminika huvutwa ndani ya silinda. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikikuta silinda imejaa, konrodi hupinda. Hapo hitilafu ya kipoza kimoja imekuwa injini nzima.

Mmiliki hakubishana. Alimwandikia meneja wa huduma: "Ndugu Meneja, tumeshauriwa kuendelea kulitumia gari likiwa linapoteza kulanti pasipojulikana inakokwenda. Tunaomba maandishi kwamba gari ni salama kuendeshwa katika hali hiyo, na kwamba madhara yoyote yatakayotokea kwa injini yatabaki ndani ya waranti." Meneja hakutia sahihi. Jibu lake lilikuwa kulipangia gari tarehe ya kupokelewa na kumtaja fundi atakayelishika.

*Kukataa njia za mkato.* Fundi mmoja wa nje alipendekeza kuziba EGR kwa bati. Dereva alipendekeza dawa ya kuziba rejeta. Vyote vilikataliwa, kwa sababu tofauti. Bati lingezuia moshi kuingia kwenye kipoza, lakini kulanti ingeendelea kupita humo na kuvuja. Lingewasha taa ya injini, na wakala angekuwa na sababu halali ya kuikana waranti. Dawa ya kuziba ni chembechembe zinazoganda penye upenyo mdogo, na haziwezi kutofautisha ufa na njia nyembamba ya kipoza oili au ya hita. Ikishaziba kipoza oili, joto la oili huzidi joto la kulanti kupita kawaida na tatizo la pili linazaliwa.

*Kupima upotevu kwa utaratibu mmoja.* Kila asubuhi gari lilipimwa likiwa limeegeshwa palepale penye usawa, injini ikiwa baridi, kabla ya kuwashwa. Alama ya rangi ilichorwa kwenye tangi la akiba. Kulanti ya kujazia, ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari na ikiwa imeshachanganywa na maji nusu kwa nusu, iliwekwa kwa chupa yenye mistari ya mililita mpaka kwenye alama. Mfuniko ulibandikwa karatasi yenye sahihi ili ionekane kama mtu ameufungua. Jedwali lilikuwa na safu za tarehe, kilomita, mililita zilizoongezwa, uzito wa mzigo na hali ya moshi wa asubuhi. Picha ya odomita ilipigwa kila mara.

Safu ya moshi ilileta jambo. Baada ya usiku mzima gari lilitoa moshi mweupe wenye harufu tamutamu kwa dakika moja au mbili, kisha likawa safi. Dereva alikuwa anauona siku zote akidhani ni umande.

*Kupeleka oili maabara kabla ya kurudi kwa wakala.* Sampuli ilichukuliwa injini ikiwa imetoka kwenye moto, katikati ya mchuruziko wa oili na si mwanzoni. Maabara iliombwa isipime glaikoli, kemikali kuu ya kulanti, peke yake, maana glaikoli huvunjika kwenye oili ya moto na inaweza isionekane. Vinavyobaki ni viambata vya kulanti, yaani sodiamu na potasiamu. Vyote vilikuwa chini. Maji yaliyotolewa kwenye matangi ya upepo nayo yalikuwa maji matupu, bila rangi wala utelezi. Kwa hatua hizo mbili kipoza oili na kompresa viliwekwa kando.

*Kuwa na msemaji mmoja.* Karani na dereva waliambiwa wasimpigie tena wakala. Mawasiliano yote yakawa ya mmiliki, kwa maandishi, na kila simu ilifuatwa na ujumbe mfupi wa kuthibitisha kilichosemwa. Katika ziara ya pili afisa wa mapokezi alikuwa amepokea masimulizi matatu yanayopingana kuhusu lini tatizo lilianza na nani aliongeza nini. Asingejua aandike lipi.

*Kufungua kesi kwa mtengenezaji.* Mmiliki aliomba namba ya kesi kutoka ofisi ya wateja ya mtengenezaji, akampa wakala namba hiyo kwa heshima. Hakupeleka malalamiko dhidi ya wakala. Aliandika kwamba wakala anahitaji msaada wa kiufundi. Tofauti hiyo ina uzito: malalamiko huenda kwa afisa wa mahusiano, ilhali ombi la msaada wa kiufundi humfikia mhandisi wa eneo anayeweza kuidhinisha kazi.

*Kuomba kipoza moshi kifunguliwe kabla ya hedi.* Huu ndio uamuzi uliookoa muda mwingi kuliko yote. Katika ziara ya tatu fundi alitumia kipima cha kemikali, kile chenye maji ya bluu yanayobadilika kuwa njano yakikutana na gesi ya mwako. Alipima gari likiwa limetoka kuvuta mzigo, na rangi ikaanza kuelekea kijani. Wakala akataka kuomba kibali cha kufungua silinda hedi. Kibali cha namna hiyo huchukua muda mrefu, na kazi yenyewe ni ndefu.

Mmiliki alikuwa ameshajiandaa. Kwenye injini ya tabo yenye EGR, presha ya moshi kwenye manifodi wakati wa mzigo mzito inaweza kuizidi presha ya kulanti. Kipoza chenye ufa basi husukuma gesi ndani ya kulanti kama vile gasketi ya hedi iliyoungua inavyofanya. Kwa hiyo kipimo kile kikibadilika rangi hakitenganishi vitu hivi viwili. Kikibaki bluu injini ikinguruma bila mzigo nacho si ushahidi mzito, kwa kuwa dizeli isiyo na mzigo hutoa kidogo hewa ya ukaa, ambayo ndiyo inayobadilisha rangi. Aliomba kipoza kipimwe kwanza, kwa kuwa kukifungua ni kazi ya saa chache. Mhandisi wa mtengenezaji aliafiki.

Jinsi chanzo kilivyothibitishwa

Inafaa kueleza kwa nini kipimo cha ziara ya kwanza hakikuona kitu, maana kipimo hicho hufanywa karibu kila mahali na majibu yake huaminiwa kupita kiasi.

Lita 1.1 kwa kilomita 1,000, gari likitembea wastani wa kilomita 60 kwa saa, ni kama mililita 65 kwa saa. Ni vijiko vinne vya chakula. Kwa dakika 15 ni mililita 16. Tuseme juu ya kulanti kwenye tangi la akiba kuna lita 2 za hewa. Kutoka kwa mililita 16 kunaipa hewa hiyo nafasi zaidi ya asilimia 0.8 tu, na presha inashuka kwa takriban bar 0.02. Hakuna jicho linaloona hilo kwenye geji ya kawaida. Na hesabu hii imechukulia kwamba ufa unavuja kwa kasi ileile gari likiwa baridi, wakati mara nyingi chuma kikipoa ufa hujifunga.

Fundi mkuu alifanya hivi. Gari lilitembezwa na mzigo mpaka likapata moto kamili. Likaachwa lipoe kiasi cha mfuniko kufunguka bila kuunguza mtu, kisha pampu ya presha ikafungwa na mfumo ukapandishwa hadi bar 1.1. Hapa kuna mtego: injini ikiendelea kupoa presha hushuka yenyewe hata kama hakuna ufa, kwa hiyo sindano si shahidi tena. Alichofanya ni kuijazia presha mara kadhaa jioni ile na kuiacha usiku. Asubuhi, kabla ya kuwasha, alitoa sensa ya joto ya EGR na kuingiza kamera ya waya kwenye tundu lake.

Kuta za njia ya moshi zinatakiwa ziwe kavu zenye masizi meusi. Alikuta matone, sehemu iliyosafishwa na mvuke mpaka chuma kinang'aa, na ukoko mweupe pembeni yake. Kipoza kikatolewa, njia za kulanti zikazibwa kwa vizibo isipokuwa moja ya kuingizia hewa, kikazamishwa kwenye maji ya nyuzi 80 hivi na kupewa upepo kwa presha iliyotajwa kwenye kitabu cha huduma. Mapovu yalitoka mfululizo kwenye maungio ya mirija. Kwenye maji baridi kipoza hichohicho kilitoa povu moja moja.

Nyufa za namna hii huanzia upande wa moto. Moshi huingia ukiwa na mamia ya nyuzi na kulanti inayouzunguka ina nyuzi 90 hivi. Kila safari chuma hutanuka na kusinyaa. Kiwango cha kulanti kikiwa chini, au hewa ikinaswa ndani ya kipoza, kulanti huchemka palepale penye mrija na mrija hupata joto lisilo sawa. Kwa hiyo kila siku gari lilipotembea na kiwango pungufu, ufa ulikuwa unakua.

Matokeo

Mtengenezaji alilipia kipoza, gasketi na kazi ya kubadilisha. Gharama ya kusafisha mfumo na kulanti mpya ilibaki kwa mmiliki, kwa sababu ya yale maji ya bomba na kulanti ya rangi nyingine. Mmiliki alikubali bila kuvutana, na alifanya vizuri: hoja ya wakala juu ya mchanganyiko ilikuwa na ukweli, ila haikuwa chanzo cha ufa, na kwa kukubali sehemu ndogo alipata kadi ya kazi isiyo na neno lolote la kumlaumu.

Kusafisha kwenyewe nusura kuharibike. Injini hii ikimwagwa hutoa kama lita 20. Lita 8 hubaki kwenye bloku na hita. Ikishasuuzwa, lita hizo 8 ni maji matupu. Ukijaza lita 20 za kulanti iliyokwisha changanywa nusu kwa nusu unapata lita 10 za kulanti halisi ndani ya 28, yaani asilimia 36 tu. Msaidizi wa fundi alikuwa ameshafungua dumu la kwanza la mchanganyiko. Ilitakiwa kuwekwa lita 14 za kulanti ghafi kwanza, kisha kumalizia na maji yasiyo na madini. Ilirekebishwa, na kipimo cha mwisho kilionyesha kinga ya kuganda ya nyuzi hasi 37, ambayo ndiyo ya mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ethilini glaikoli.

Mfumo ulijazwa kwa njia ya kuvuta hewa kwanza ili kulanti iingie pasipo na mapovu. Hata hivyo kiwango kilishuka karibu nusu lita katika kilomita 300 za mwanzo, kisha kikatulia. Mmiliki alikuwa ameonywa kwamba masalia ya hewa hutoka baada ya injini kupata moto na kupoa mara mbili tatu. Asingeonywa, angerudi kwa wakala kwa ziara ya nne bila sababu. Jedwali liliendelea mpaka kilomita 3,000 bila kuongezwa kitu.

Mapato yaliyopotea hayakulipwa. Masharti ya waranti yalikuwa yameyataja na kuyaondoa. Wakala alitoa huduma moja ya kawaida bila malipo.

Uchambuzi: kuchelewa kwa aina tatu

Kosa kubwa la mwezi wa kwanza lilikuwa kulichukulia cheleweko kama kitu kimoja kinachotatuliwa kwa kusukuma. Kwa kweli palikuwa na matatu, na kila kimoja kina mlango wake.

Cheleweko la kwanza ni la uchunguzi. Mtengenezaji kwa kawaida humlipa wakala saa chache tu za kutafuta hitilafu, na humlipa pale tu chanzo kinapopatikana. Gari lenye lalamiko la "linapunguza maji" ni kazi ya hasara kwa fundi: atatumia siku, na asipopata kitu halipwi. Kwa hiyo linasukumwa nyuma ya foleni, hata kama hakuna mtu mwenye nia mbaya. Kinacholivuta mbele ni kumpunguzia fundi utafutaji. Majibu ya oili na ukaguzi wa matangi ya upepo vilikuwa vimeshaondoa njia mbili kati ya tano, na moshi wa asubuhi ulikuwa unaelekeza kidole. Simu za kila siku hazikuwa zimepunguza chochote.

Cheleweko la pili ni la kibali. Hapa anayesubiriwa si fundi tena. Swali la kuuliza ni moja: ombi lilipelekwa lini, na namba yake ni ipi? Katika ziara ya pili swali hilo lingefichua siku ya kwanza kwamba hakuna ombi. Jibu la "tunasubiri kiwanda" lisilo na namba lichukuliwe kuwa bado hakijaombwa kitu.

La tatu ni la spea, na hapa mmiliki hakujipanga. Maghala ya spea huwa na daraja za oda. Oda ya kujazia akiba huja na mzigo wa kawaida. Oda ya gari lililosimama huja haraka, lakini mara nyingi hukubaliwa tu kama gari liko kwa wakala na haliwezi kutumika. Kipoza kiliagizwa kwa daraja la haraka. Gasketi na vibanio, ambavyo kwa injini hii haviruhusiwi kurudishwa vikishafunguliwa, viliagizwa na karani mwingine wa stoo kwa oda ya kawaida. Siku tano zikaenda kwa vitu vinavyoenea mfukoni. Dawa yake ni kuomba orodha ya spea zote za kazi hiyo, namba kwa namba, kila moja na daraja la oda na tarehe yake: kipoza, gasketi za pande zote mbili, oringi, vibanio, hozi fupi, boliti za matumizi ya mara moja, kulanti na filta yake kama ipo.

Kuna swali ambalo wamiliki wengi hujiuliza: nilitoe gari wakati spea zinasubiriwa au niliache? Kwa kisa hiki kuliacha kulikuwa sahihi, kwa ajili ya usalama wa injini na kwa ajili ya daraja la oda. Gari lingetolewa, oda ingeweza kushushwa na nafasi ya karakana kupewa mwingine. Kwa hitilafu isiyotishia injini, hesabu ingekuwa nyingine.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni ile barua ya kuomba uthibitisho wa usalama. Haikuwa na tisho wala neno kali. Ilimtaka meneja achague kati ya kuubeba uwajibikaji na kulipokea gari, na chaguo la pili lilikuwa rahisi zaidi kwake.

Kilichoshindikana kabisa ni filta ya masizi. Kulanti iliyopita kwenye moshi kwa muda mrefu huacha mabaki ya viambata vyake kwenye filta, na mabaki hayo hayaungui kama masizi yanavyoungua. Mmiliki aliomba filta itolewe ikaguliwe. Wakala alikataa kwa kuwa tofauti ya presha kati ya kuingia na kutoka ilikuwa ndani ya kiwango baada ya filta kujisafisha. Kilichopatikana ni sentensi moja kwenye kadi ya kazi, kwamba filta ilipitiwa na kulanti kutokana na hitilafu ya kipoza, pamoja na usomaji wa presha wa siku hiyo. Filta ikijaa mapema, sentensi hiyo ndiyo itakayoshikiliwa, kwa hiyo nakala ya kadi imewekwa pamoja na hati za gari, na presha ya filta inasomwa kila huduma.

Kama kadi ya kazi ya ziara ya kwanza ingeandikwa hivi, ziara ya pili huenda isingekuwepo: "Gari linapoteza lita 1.1 za kulanti kwa kilomita 1,000, limepimwa baridi penye usawa, jedwali limeambatishwa. Hakuna uvujaji wa nje. Oili imepimwa, sodiamu na potasiamu ziko chini. Matangi ya upepo hayana kulanti. Moshi mweupe wenye harufu tamu asubuhi, dakika moja hadi mbili. Mteja anaomba kipoza moshi kikaguliwe kwa kamera baada ya mfumo kukaa na presha usiku kucha, kabla ya kazi yoyote kwenye silinda hedi. Mteja ajulishwe kwa maandishi matokeo ya kila kipimo na jina la aliyekifanya."